MKATABA NI UKUTA WA PILI WA BWAWA: FUNZO KUTOKA LESOTHO

Askari anapowekwa lindoni kwenye bwawa, daraja au kituo cha umeme, huelezwa malango ni mangapi, nani ana ruhusa ya kupita na nani hana, na afanye nini ikitokea hatari. Ni nadra kuelezwa kwamba mali ile anayoilinda imezungukwa pia na ukuta wa pili usioonekana kwa macho. Ukuta huo ni mkataba, uliotiwa saini kabla ya tingatinga la kwanza kufika mahali pale. Ukiwa na ufa, fedha za taifa huweza kutoka mchana kweupe bila lango kuvunjwa wala risasi kufyatuliwa.

Nchi ya Lesotho imelijua jambo hili kwa gharama kubwa. Ufalme huo mdogo wa milima umezungukwa pande zote na Afrika Kusini. Ulipata uhuru wake tarehe 4 Oktoba 1966, na tangu ilipoanzishwa jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika mwaka 1980, Lesotho na Tanzania zimekuwa wanachama wenza, kwanza katika SADCC na baadaye katika SADC. Lesotho haina bahari wala ardhi nyingi ya rutuba. Ina maji. Theluji na mvua za milima yake hulisha mto Senqu na vijito vyake, na wananchi wa huko, yaani Wabasotho, huyaita maji hayo dhahabu nyeupe. Ng'ambo ya mpaka, viwanda na migodi ya Johannesburg na miji jirani yake imejengwa mahali ambapo maji hayatoshi. Kwa hiyo tangu miaka ya 1950 wahandisi walikuwa wakipima namna ya kuyageuza maji ya milimani yaelekee kaskazini.

Tarehe 24 Oktoba 1986 nchi hizo mbili zilitia saini mapatano ya Mradi wa Maji wa Nyanda za Juu za Lesotho. Ikumbukwe kwamba wakati huo Afrika Kusini ilikuwa bado mikononi mwa makaburu chini ya P. W. Botha, na kwamba Lesotho ilikuwa na serikali ya kijeshi ya Meja Jenerali Justin Lekhanya, aliyetwaa madaraka mwezi wa Januari mwaka huo huo. Kwa mapatano hayo, Afrika Kusini ilikubali kubeba gharama za kupeleka maji na kuilipa Lesotho mrabaha. Lesotho nayo ingepata kituo chake cha umeme.

Kazi iliyofuata ilikuwa miongoni mwa kazi kubwa kupita zote zilizopata kufanywa barani Afrika. Katika mto Malibamatso ulisimamishwa ukuta wa zege wa bwawa la Katse, wenye kimo cha meta 185. Kutoka hapo milima ilitobolewa handaki la kilometa 45 hadi Muela, ambako mitambo ya megawati 72 huzalisha umeme. Kutoka Muela maji huendelea kwa handaki jingine la kilometa 37 hadi Afrika Kusini. Maji ya kwanza yalivuka mpaka mwezi wa Januari 1998. Baadaye likafuata bwawa la Mohale, lenye kimo cha meta 145.

Thamani ya bwawa hilo ilionekana pia kwa damu. Tarehe 22 Septemba 1998, kufuatia machafuko yaliyozuka Lesotho baada ya uchaguzi, majeshi ya Afrika Kusini yaliingia nchini humo kwa jina la SADC, na baadaye yakafuatwa na ya Botswana. Miongoni mwa mahali pa kwanza palipowahiwa ni bwawa la Katse. Askari wa Lesotho waliokuwa wakililinda walipoteza maisha yao pale. Wakati huo huo, katika makabati ya ofisi na katika benki za mbali, zilikuwako karatasi zilizoonyesha kwamba bwawa hilo hilo lilikwisha kuingiliwa miaka mingi kabla, kwa njia ambayo hakuna mlinzi wa langoni angeweza kuiona. Ili kuielewa njia hiyo, yafaa kwanza kueleza mkataba wa ujenzi ni kitu gani, na wanasheria wanaoushughulikia hufanya kazi gani.

Mtu anayenunua gunia la mahindi hulipa na kuondoka nalo. Anayenunua bwawa hununua kitu ambacho bado hakipo, kitakachojengwa kwa miaka mingi juu ya mwamba ambao hakuna aliyeona ndani yake. Katika miaka hiyo mvua zitapita kiasi, bei ya saruji na mafuta itapanda, sarafu itashuka, na handaki litakutana na jiwe bovu mahali ambapo ramani ilionyesha jiwe zima. Mkataba wa ujenzi ni maandishi yanayoamua mapema kila hasara ya namna hiyo itakuwa ya nani. Ukikaa kimya juu ya hasara fulani, hasara hiyo haitoweki. Humngojea yule ambaye hakujiandaa.

Mkataba wa jadi wa kazi kama hizo una watu watatu. Wa kwanza ni mwenye mradi, ambaye katika Lesotho ni mamlaka ya serikali iliyoundwa kwa ajili ya mradi, iitwayo LHDA. Wa pili ni mkandarasi, yaani kampuni au muungano wa makampuni yanayojenga. Wa tatu ni mhandisi mshauri, ambaye hulipwa na mwenye mradi lakini hutakiwa kupima kazi kwa haki, kutoa hati za malipo na kutoa uamuzi wa kwanza panapotokea ubishi. Masharti yanayotumiwa sana duniani kwa mpango huu hutungwa na FIDIC, shirikisho la wahandisi washauri lililoanzishwa mwaka 1913, ambalo lilitoa masharti yake ya kwanza ya kazi za ujenzi mwaka 1957. Mkataba wa Katse nao ulijengwa juu ya masharti ya FIDIC.

Ndani ya mkataba wa namna hiyo mna silaha kadhaa za kumlinda mwenye mradi. Ipo dhamana ya utekelezaji, ambayo ni ahadi ya benki kulipa kiasi fulani mkandarasi akishindwa kazi. Ipo sehemu ya malipo inayozuiliwa katika kila hati, ili mkandarasi asiondoke kabla ya kurekebisha kasoro. Ipo fidia ya kila siku ya kuchelewa. Na upo muda maalumu baada ya kazi kukabidhiwa, ambapo kila ufa unaotokana na kazi mbovu hurekebishwa kwa gharama ya aliyejenga.

Mkandarasi naye ana silaha zake, na lingekuwa kosa kumdhania kuwa mwizi kwa sababu tu anadai. Mhandisi akibadili michoro, mkandarasi ana haki ya kulipwa kazi ya ziada. Mwenye mradi akichelewa kukabidhi eneo, mkandarasi ana haki ya kuongezewa muda. Serikali ikitunga sheria inayoongeza gharama, anaweza kudai tofauti. Sharti lake kubwa ni kutoa taarifa kwa maandishi na kwa wakati. Katika mikataba mingi ya FIDIC muda wa kutoa taarifa hiyo ni siku 28 tangu tukio, na katika matoleo ya karibuni anayechelewa huweza kuipoteza haki yake yote.

Hapa ndipo wanasheria wa ujenzi wanapoingia. Hao ni mawakili wanaosoma michoro na majedwali ya bei kama wengine wasomavyo hati za kiwanja, nao hukaa meza moja na wahandisi na wakadiriaji majenzi. Kabla ya kazi, huandaa zabuni na kuandika masharti. Wakati wa kazi, huangalia kwamba kila agizo limeandikwa, kila barua imejibiwa na kila madai yametunziwa ushahidi. Baada ya kazi, huyapeleka madai yaliyobaki mbele ya wasuluhishi au mahakama. Makampuni makubwa ya ujenzi ya Ulaya, Asia na Amerika hayaanzi kazi bila watu hao. Nchi changa ambayo hupeleka mezani karani mmoja na mhuri huwa imekwenda vitani na fimbo.

Askari na polisi hawatashangazwa na uzito wa maandishi katika jambo hili. Kituoni, tukio ambalo halikuandikwa katika kitabu cha matukio ni vigumu kulithibitisha mahakamani. Jeshini, amri isiyo na saa wala saini huleta mabishano baada ya vita. Kadhalika katika ujenzi, daftari la kila siku, lenye idadi ya wafanyakazi, hali ya mvua na mitambo iliyosimama, huweza miaka saba baadaye kuokoa au kupoteza fedha za kujengea hospitali nzima. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Madai ya Katse yanaonyesha jinsi neno moja la mkataba linavyoweza kuwa zito. Mwaka 1991 LHDA ilitiliana saini ya ujenzi wa bwawa hilo na muungano wa makampuni saba, yakiongozwa na Impregilo ya Italia. Sheria iliyotawala mkataba ilikuwa ya Lesotho. Baada ya kazi, makampuni yalidai nyongeza ya gharama, na ubishi ukapelekwa kwa wasuluhishi watatu chini ya kanuni za ICC, yaani Chama cha Biashara cha Kimataifa chenye makao Paris. Shauri lenyewe lilisikilizwa London.

Mwezi wa Desemba 2001 wasuluhishi waliamuru baadhi ya fedha zilipwe kwa sarafu za Ulaya, badala ya maloti, ambayo ni sarafu ya Lesotho. Katika miaka ile ya ujenzi maloti yalikuwa yameshuka sana thamani. Kwa hiyo kubadili sarafu ya malipo kulikuwa sawa na kuongeza deni, ingawa hakuna mfuko mmoja wa saruji ulioongezeka. LHDA ilisema wasuluhishi wamevuka mipaka ya mkataba, ikaenda mahakamani Uingereza. Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani za huko ziliipa haki. Lakini mwaka 2005 Baraza la Malodi, lililokuwa wakati ule mahakama ya mwisho ya Uingereza, lilitengua hukumu hizo kwa majaji wanne dhidi ya mmoja. Lilisema kwamba hata kama wasuluhishi walikosea katika kuufasiri mkataba, kukosea si sawa na kuvuka madaraka, na kwamba waliokubali usuluhishi wa namna hiyo wamekubali pia kuwa neno la msuluhishi ndilo la mwisho.

Uamuzi huo husomwa leo na wanasheria wa ujenzi duniani kote. Kwa nchi yoyote inayojenga, maana yake ni nyepesi kuielewa. Kifungu cha usuluhishi huwekwa mwishoni mwa mkataba, wakati wajumbe wamekwisha kuchoka na chai imekwisha kupoa, na wengi hukipitisha bila kukisoma mara mbili. Kumbe hicho ndicho kinachoamua mgogoro utasikilizwa mji gani, kwa kanuni za nani, kwa gharama kiasi gani, na kama kutakuwapo nafasi ya kukata rufani. Hali kadhalika kifungu cha sarafu. Aliyevipita upesi siku ya saini hana pa kurudi siku ya madai.

Yako pia madai yasiyofika kwa wasuluhishi. Mwezi wa Septemba 1996, mgogoro wa kazi katika ujenzi wa upande wa Muela ulimalizikia mikononi mwa polisi huko Butha-Buthe. Risasi zilifyatuliwa, na wafanyakazi kadhaa wakauawa. Mishahara, makazi ya kambini na taratibu za kumwachisha mtu kazi ni mambo ambayo mkataba wa ujenzi huweza kuyawekea masharti na adhabu kwa mkandarasi. Yasiposhughulikiwa mezani, mzigo wake humwangukia askari mwenye bunduki mbele ya umati wenye hasira. Hapo hakuna mshindi.

Hata hivyo, jambo lililoifanya Lesotho isikike katika mahakama na vyuo vya sheria ulimwenguni ni hongo. Mtendaji mkuu wa kwanza wa LHDA alikuwa mhandisi Masupha Sole, aliyeshika kazi hiyo tangu mwaka 1986. Ndiye aliyekaa katikati ya mikataba yote mikubwa. Ukaguzi wa hesabu katika miaka ya 1990 ulifichua kasoro katika uendeshaji, naye akaachishwa kazi mwaka 1995. Mwaka uliofuata mamlaka ilimfungulia shauri la madai ili irudishiwe fedha zake.

Shauri hilo la madai ndilo lililofungua mlango. Katika kutafuta mali za mdaiwa, wanasheria walifuatilia akaunti zake za benki ng'ambo ya mpaka, katika Afrika Kusini. Humo yakaonekana mapato yasiyolingana na mshahara wa mtumishi wa umma, nayo yalikuwa yametoka Uswisi. Lesotho ikaiomba serikali ya Uswisi msaada wa kisheria. Mhusika alipinga ombi hilo katika mahakama za huko akashindwa, na mwaka 1999 hati za benki zikakabidhiwa kwa serikali ya Lesotho.

Hati hizo zilieleza mpango wenyewe. Kampuni iliyotaka kazi haikumpelekea mkubwa fedha moja kwa moja. Ilitiliana saini na mtu wa kati aliyeitwa wakala au mwakilishi, ikimwahidi asilimia fulani ya thamani ya mkataba. Fedha ziliingia katika akaunti ya wakala Uswisi, kisha sehemu kubwa ikavuka kutoka akaunti hiyo kwenda ya mtendaji mkuu, mara nyingi baada ya muda mfupi. Katika vitabu vya kampuni ilionekana gharama halali ya uwakilishi. Makachero waliupata ukweli kwa kuweka tarehe kando ya tarehe: siku ya hati ya malipo ya mradi, siku ya malipo kwa wakala, na siku ya malipo kwa mkubwa.

Mwaka 2002 Jaji Brendan Cullinan alimtia Sole hatiani kwa makosa 13 ya hongo na udanganyifu, akamhukumu kifungo cha miaka 18. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani iliipunguza adhabu hiyo kuwa miaka 15. Kama mambo yangeishia hapo, yangekuwa ya kawaida, maana mara nyingi mpokeaji Mwafrika ndiye hufungwa na mtoaji akarudi kwao salama. Lesotho haikukubali hivyo. Iliyashtaki pia makampuni.

Kampuni ya Acres International ya Canada ilitiwa hatiani mwezi wa Septemba 2002 na kutozwa faini ya maloti milioni 22, ambayo rufani iliipunguza kuwa milioni 15. Kampuni ya Lahmeyer ya Ujerumani ilitiwa hatiani mwaka 2003. Ilipokata rufani, faini yake ilipanda kutoka maloti milioni 10.65 hadi milioni 12. Schneider Electric ya Ufaransa, kama mrithi wa Spie Batignolles, ilikiri makosa mwaka 2004 na kulipa maloti milioni 10. Mwaka 2006 Impregilo nayo ilikiri, ikatozwa milioni 15. Benki ya Dunia, iliyokuwa imegharimia sehemu ya mradi, iliizuia Acres kupata kazi zake kwa miaka mitatu kuanzia mwaka 2004, na mwaka 2006 ikaizuia Lahmeyer kwa miaka saba.

La kutia maanani ni aina ya makampuni hayo. Acres na Lahmeyer zilikuwa kampuni za ushauri wa kihandisi. Katika mpango wa mkataba ulioelezwa juu, mhandisi mshauri ndiye jicho la mwenye mradi, anayepima, anayekagua na anayetia saini kwamba kazi ni nzuri na bei ni halali. Mkandarasi akihonga, jicho hubaki. Mshauri akihonga, mwenye mradi amekuwa kipofu bila kujua, hata kama ukuta wenyewe umejengwa imara.

Katika mashauri hayo watetezi walileta hoja mbili ambazo kila mpelelezi anapaswa kuzijua. Ya kwanza ilikuwa kwamba fedha zililipwa Uswisi, kwa hiyo mahakama ya Lesotho haina madaraka. Mahakama ilijibu kwamba madhara ya hongo yalikusudiwa na kuhisiwa Lesotho, na nchi iliyoumizwa ina haki ya kuhukumu. Hoja ya pili ilikuwa kwamba kampuni ilimlipa wakala kwa huduma za kweli na haikujua alizipeleka wapi fedha. Mahakama iliuliza huduma hizo ni zipi, zilifanyika siku gani, na kwa nini malipo yake yafichwe katika akaunti za mbali. Majibu ya kuridhisha hayakupatikana. Ilielezwa pia kwamba kosa la hongo hukamilika pale watu wanapoafikiana. Halingoji mpaka ithibitishwe kwamba mkataba ulipendelewa au kwamba kazi ilikuwa mbovu.

Kazi hiyo yote ilifanywa na nchi yenye watu wapatao milioni mbili, ambayo bajeti yake haiwezi kulinganishwa na hazina za makampuni yaliyoshtakiwa. Ilibidi iajiri mawakili wenye ujuzi, wakiongozwa na Guido Penzhorn kutoka Afrika Kusini, na isubiri kwa miaka mingi huku mzigo wa gharama ukiwa mabegani mwake. Wako walioishauri iachane na jambo hilo, kwa hofu kwamba wafadhili na wajenzi wataikimbia. Hawakuikimbia. Mwaka 2011 Lesotho na Afrika Kusini zilitia saini mapatano ya awamu ya pili, yenye bwawa jipya la Polihali, na mwaka 2022 makampuni ya nchi mbalimbali yakapata mikataba mikubwa ya kazi hiyo. Safari hii mamlaka ilikwisha kuweka sera ya kupinga rushwa, ambayo wazabuni hutakiwa kuifuata.

Tanzania, ambayo nayo imo katika kazi kubwa za ujenzi, ina sababu ya kuyasoma haya kwa makini. Mkataba wa bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ulitiwa saini mwezi wa Desemba 2018 kati ya Tanzania na makampuni ya Misri. Zaidi ya hayo ziko reli, bandari na madaraja. Kila moja kati ya hizo ina mkataba wake, na kila mkataba una masharti ya sarafu, ya muda, ya kasoro na ya usuluhishi.

Kwa polisi mpelelezi, funzo la Lesotho ni kwamba uhalifu wa mikataba hauachi damu wala dirisha lililovunjwa. Nyayo zake ni tarehe, asilimia na majina ya mawakala. Anayeupeleleza peke yake, bila mkadiriaji majenzi wa kumweleza hati ya malipo na bila mwanasheria wa kumweleza kifungu, atafunga jalada akidhani hakuna kosa. Wale wa Lesotho walifaulu kwa sababu walikaa pamoja, na kwa sababu shauri la madai lilitumika kufungulia shauri la jinai.

Kwa askari wa jeshi, ambaye huenda akajikuta analinda eneo la ujenzi au akishiriki katika kazi za ujenzi za jeshi lenyewe, funzo ni dogo zaidi na la kila siku. Daftari la langoni linaloonyesha mtambo uliingia saa ngapi na ulitoka saa ngapi ni sehemu ya ukuta ule wa pili. Mkandarasi akidai kwamba mtambo wake ulikaa bure siku arobaini kwa kosa la serikali, mwandiko wa askari wa zamu waweza kuwa ndio ushahidi pekee wa kuthibitisha au kukanusha. Askari anayejaza daftari ovyo kwa kuona ni kazi ya ukarani anaacha lango wazi kwa adui ambaye hatamwona.

Huko Katse maji bado yanapita chini ya milima kwenda kaskazini, na mrabaha bado unaingia Maseru. Ukuta wa zege haukupata kutikisika wakati wote wa kesi hizo. Ukuta wa pili ndio uliokuwa na ufa, na Lesotho iliuziba kwa karatasi moja baada ya nyingine, mahakamani, kwa muda wa miaka isiyopungua kumi.